Je, Jina Langu Limefika Tanga?

Machi 17, Jumatatu

Wifi yangu Zuleha kaninunulia daftari hili. Ati nikirudi kazini naongea mpaka futari inapoa. "Mwambie daftari, wifi, masikio yangu yana kazi nyingine." Haya basi. Mimi Sabiha, mtoto wa Mabawa, Tanga mjini. Mwaka wa pili huu niko ng'ambo ya mto wa Pangani, hapa Mwera, nakaa kwa kaka yangu Mselem, mwenye pikipiki ya abiria, na mkewe huyo mwenye masikio ya thamani. Ana mimba ya miezi saba, ya kwanza.

Kazi yangu iko kituo cha afya cha misheni, kwenye kompyuta. Majina ya watu wote wanaojitolea damu, na makundi yao, yanakaa kwenye kanzidata, daftari kubwa la kompyuta, huko Makorora, Tanga. Hapa kwetu tuna dirisha tu la kuchungulia. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijakaa vizuri, sharti nipime kama dirisha liko wazi. Edgar, fundi wa huko, ametutengenezea kidude: nabonyeza PIMA, kinakwenda Tanga na kurudi, inawaka taa ya kijani imeandikwa IPO, au nyekundu, HAIPO. Sista Imakulata, mkuu wa kituo, anataka nikiona kijani nitoke barazani nitangaze. Nami natangaza: "Ipo!" Wanaitikia wote, mpaka wagonjwa kwenye benchi: "Ipo!" Mwanzoni niliona haya, sasa nisipotangaza naona jua halijachomoza.

Leo ipo.

Machi 18

Ipo. Mawingu yamejaa, mvua hakuna.

Machi 20, Alhamisi

Haipo. Nimempigia Edgar. Jamani, yule Msambaa na salamu zake! Habari za Mwera, habari za mvua, Sista hajambo, wifi anaendeleaje, kaka na pikipiki yake. Mimi nimefunga, koo kavu, jua la saa sita. "Kaka Edgar, hao wote wazima. Mgonjwa ni mtandao." Akacheka. "Pole, dada Sabiha. Subiri kidogo." Kidogo ya Edgar ukiisubiri umesimama, utaota mizizi. Ilirudi karibu na alasiri.

Machi 26

Ipo. Leo Sista ameniita chumbani kwake, akafunga mlango. Damu ya Zuleha ni kundi O hasi. Nikauliza ndiyo nini. "Ni adimu, mwanangu. Akipungukiwa, hawezi kupewa ya mtu mwingine yeyote ila mwenye kama yake." Ametaka Zuleha avuke mapema mwezi wa tano, akajifungulie Tanga, kwa mama yake. "Na tukishindwa kuvuka, tegemeo letu ni orodha ile ya Tanga, tumpate mtu wa upande huu. Basi wewe usiniangushe na hiyo taa yako."

Nimerudi nyumbani nimemkuta wifi anakaanga mbaazi. Nikamuuliza, "Wifi, u mzima?" "Mzima, alhamdulillahi." Roho ikatulia.

Machi 31, Idd

Tumeswali, tumekula, tumelala mchana. Jioni radi, nimejifunika kanga mpaka kichwani kama mtoto.

Aprili 1

Haipo kutwa. Edgar anasema radi ya jana imezima mashine yetu sisi wa vituo vya mbali. Wao wa mjini wana yao, haikuguswa. Bila shaka! Wa ng'ambo ndio wa kupigwa na radi.

Aprili 3

Ipo! Edgar kaiinua. Nimetangaza kwa sauti, mgonjwa wa jino akasahau kulia. Mvua imeanza kweli sasa, masika yenyewe.

Aprili 5, Jumamosi

Siku ya kuchangia damu, chini ya turubai la misheni. Wamekuja wengi kutoka shamba la mkonge. Maabara wanapima, wananipa karatasi, mimi naingiza. Naandika kama anayepepeta mchele, mikono inakwenda, akili iko kwenye pilau iliyobaki. Kila nikimaliza jina nabonyeza TUMA, linakwenda Tanga; damu na karatasi zake zinavushwa kwa kivuko.

Kuna mzee mmoja, mkata mkonge, baba yake alikuja na wale walioletwa mashambani kutoka Kigoma. Mzee Ernesti Zebedayo. Alitolewa damu, akanywa soda yake, akaja kusimama nyuma ya kiti changu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, binti. Jina langu umeliandika?" "Nimeliandika." "Limefika Tanga?" "Linakwenda hivi sasa." Akasimama vile vile, ana macho kwenye kioo, kana kwamba ataliona likivuka mto.

Aprili 10, Alhamisi

Ipo. Mzee Ernesti anafagia kanisa kila Alhamisi, na kanisa liko ubavuni mwetu. Alipomaliza akaja dirishani na ufagio wake. "Binti, jina langu limefika?" "Limefika, mzee. Taa ya kijani ile, unaiona?" Akaitazama taa. Akashukuru. Akaenda zake.

Aprili 14

Ipo. Mvua usiku na mchana, nguo hazikauki, nanuka ukungu.

Aprili 17, Alhamisi

Ipo. Mzee Ernesti: "Limefika?" "Limefika."

Nimemuuliza kulikoni. Akaegemea ufagio. Ati zamani mkewe, Kristina, alijifungua vibaya, akatiwa damu ya mtu wasiyemjua. Akaishi, wakalea. Sasa ni marehemu, Mungu amrehemu, kwa maradhi mengine kabisa. "Yule mtu sikupata kumpa mkono," akasema. "Basi nataka na mimi niwemo. Akitafutwa mtu, nionekane."

 

Aprili 20

Pasaka. Sista katuletea keki. Zuleha hakula, kasema ameshiba. Ameshiba nini?

Aprili 24, Alhamisi

Ipo. "Limefika?" "Limefika, mzee." Nimejibu bila kugeuka.

Aprili 27, Jumapili

Toba! Nimemkamata wifi anakula udongo. Ule wa kuoka, unaouzwa sokoni vipande vipande, ameufunga kwenye pindo la kanga. Midomo myeupe. Nikamwambia udongo ni wa mtu aliyepungukiwa damu, na wewe yako ndiyo ya kutafutwa kwa tochi! Akacheka. "Wifi, hamu tu ya mimba. Mimi mzima." Kila nikimuuliza, mzima, alhamdulillahi. Miguu imevimba, mzima. Kizunguzungu kimemshika mlangoni, akajishikilia mwimo, mzima. Kalelewa hivyo. Kwao hata nyumba ikiungua, ukibisha hodi utajibiwa karibu, habari njema. Nami nani wa kumcheka, ndivyo tulivyolelewa sote pwani hii.

Sista amempa vidonge. Anavinywa? "Navinywa." Haya.

Mei 4

Mto umefura. Kivuko kinavuka kwa kubahatisha. Kaka anataka kumvusha mkewe kesho.

Mei 5

Kivuko kimesimama. Maji yanabeba magogo, nahodha kasema hathubutu, na mimi simlaumu. Ukizunguka kwa barabara ya juu, huko nako madaraja yamefunikwa. Sista akaniuliza jambo moja tu: "Ipo?" Nikamwambia ipo, Sista. "Basi tusiwe na hofu."

Mei 8, Alhamisi

Siku mbaya. Vyumba vinavuja, nimeweka ndoo mbili juu ya meza, kompyuta nimeivisha mfuko. Zuleha amekataa kula. Kaka hasemi na mtu. Mara dirishani: "Binti, jina langu..." Nikamkatiza. "Mzee, nimekwambia limefika! Kila Alhamisi limefika! Taa ya kijani ina maana moja. Tafadhali usije tena kuniuliza." Akasema, "Samahani, mwanangu." Mwanangu, ati. Akaondoka na mvua yake.

Sista alikuwa amesimama kwa nyuma. Nikajifanya natafuta kalamu.

Mei 12

Ipo.

Mei 16, Ijumaa

Naandika ya jana. Nisipoandika leo nitaanza kuisimulia vizuri kuliko ilivyokuwa.

Asubuhi nilipima: kijani. Nikatangaza, wakaitikia. Sijamaliza kukaa, naona pikipiki ya kaka inaingia, Zuleha katikati, mama jirani nyuma anamshikilia. Uchungu wiki mbili kabla ya siku zake. Nikamkimbilia. "Wifi, vipi?" Akaniambia, naapa, huku anauma meno: "Salama."

Mtoto alitoka mapema, wa kike, akalia vizuri, sote tukasema alhamdulillahi. Kisha Sista akatoka chumbani haraka, glavu zake sitaki kuzieleza. "Sabiha, anatoka damu, na haachi. Nitafutie mtu. O hasi, upande huu wa mto. Sasa hivi."

Nikaandika kundi, nikachagua ng'ambo, nikabonyeza TAFUTA. Kikajibu: Hakuna.

Nikarudia. Hakuna. Nikafuta ng'ambo, nikaweka mkoa mzima. Hakuna. Kaka amesimama mlangoni kalowa chepechepe, ananitazama usoni, na mimi ndiye wa kumwambia hakuna. Nilifungua mdomo. Sijui nini kilinizuia. Nadhani ni ubishi tu, ule ubishi wangu unaomkera kila mtu. Mkoa mzima wa Tanga, kuanzia Lushoto mpaka huku pwani, hakuna hata mmoja? Nikasema ngoja niulize jina ninalolijua kwamba limo. Na jina gani ninalijua kwa moyo? Moja tu. Nikaandika: Ernesti Zebedayo.

Hakuna.

Mtume! Mzee niliyemwambia limefika, limefika, limefika! Nikapima tena. Kijani. IPO. Na mzee hayumo. Basi taa ndiyo inadanganya, na mimi nimekuwa naitangaza barazani kila siku.

Nikampigia Edgar. Alipoanza "Habari za..." nikapiga ukelele: "Edgar, wifi yangu anakufa! Taa inasema ipo na ndani hakuna mtu!" Hakuuliza habari ya yeyote. Nikasikia kiti kinaanguka, nikasikia anakimbia ngazi. Alinambia nisikate simu. Nikaiweka mezani, sauti juu, nasikia anavyobonyeza na kuhema.

"Dada," akasema, na sauti yake sikuitambua, "kidude changu kinapiga hodi tu. Kinafika kwenye mlango, kikisikia karibu, kinarudi. Hakiingii ndani. Tangu ile radi, aliyeamka ni bawabu wa mlangoni tu. Kanzidata yenyewe imelala. Na ulipokuwa unatafuta, jibu halikuwa 'hakuna'. Lilikuwa 'sijui'. Ni mimi niliyeiandikia programu iseme 'hakuna' ikikosa jibu."

"Majina yetu?"

"Yako mlangoni yote, yanangoja. Nafungua. Nafungua, dada, subiri kidogo."

Kidogo yake ile. Safari hii sikuichukia. Chumbani namsikia Sista akiita, "Zuleha, niangalie. Zuleha!" na sikusikia jibu. Nilisoma Yasini mpaka nikachanganya aya. Kisha Edgar akasema, "Tafuta."

Yakaja mawili. La kwanza mwalimu, yuko Mkwaja, simu haipatikani, na huko barabara ni bahari. La pili: Ernesti Zebedayo, O hasi.

Na jana ilikuwa Alhamisi! Ilipasa awe hapo dirishani tangu saa nne, na ufagio wake. Nikakimbia kanisani, sakafu haijafagiwa, benchi tupu. Nilimwambia asije tena, akanitii.

Nikapanda pikipiki nyuma ya kaka. Njia ya kambi ya mkonge yote ni tope jekundu, tulianguka mara mbili, kaka hakusema hata pole, aliinua pikipiki tu. Tulimkuta barazani kwake anapukuchua mahindi. Aliponiona akasimama, akavua kofia. Mzee mzima, avue kofia kwa ajili yangu! Nikapiga magoti palepale kwenye maji. "Shikamoo, mzee. Nilikukosea. Jina lako halikuwa limefika. Limefika sasa hivi. Na unatafutwa."

Hakuniuliza na nani. Akamimina mahindi kwenye kapu, akalifunika mvua isiyaguse, akasema, "Twende."

Miezi mitatu ya kungoja tangu achangie haijatimia, lakini Sista akasema hakuna mwingine, wakamtoa damu, wakaipima, wakailinganisha na ya Zuleha, yote nikiyaona kupitia mlango uliobaki wazi. Mrija ukawa mwekundu. Mzee Ernesti alikaa kwenye benchi la nje na soda yake, pamba mkononi, anatazama mvua. Kaka Mselem alikaa karibu naye. Baadaye nikaona kaka ameuchukua mkono wa mzee, ule usio na pamba, ameushika kwa mikono yake miwili, na mzee amemwachia.

Alasiri Sista akatoka, akaketi kwenye ngazi ya kituo, mtu mzima na heshima zake, akalia. "Imeacha," akasema. "Imeacha, watoto wangu. Ataishi."

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Alhamdulillahi.

Mei 18

Nimeingia kwa Zuleha na uji. Nikamuuliza, "Wifi, u mzima?" Akafumba macho kidogo. Akasema, "Siyo. Kichwa chaniuma, mgongo wauma, naogopa kusimama, na uji wako hauna sukari." Nikaweka bakuli chini nikamkumbatia nikicheka na kulia. Tangu aolewe na kaka yangu, hilo ndilo jibu la kwanza la kweli alilonipa. Wazee walisema mficha uchi hazai. Huyu wangu kazaa kwanza, ndipo kaacha kuficha. Kanambia pia vidonge vya Sista alikuwa anavitupa, vilimpa kichefuchefu na hakutaka kunisumbua. Kunisumbua! Nimemwambia anisumbue mpaka nizeeke.

Sasa simuulizi tena kama mzima. Namuuliza umekula nini, miguu ikoje, usiku uliamka mara ngapi. Ananitajia. Ananichosha. Mungu amzidishie.

Mei 20

Hatukupima. Edgar anatengeneza upya.

Mei 23

Kivuko kimeanza, na wa kwanza kushuka alikuwa Edgar. Sikuwa nimepata kumwona, nilidhani ni mnene, kumbe kijiti. Kabeba gunia la viazi kutoka kwao Lushoto na kabichi mbili chini ya kwapa. Alisimama mbele ya Zuleha, akashindwa kutoa hata salamu moja, yeye mwenye salamu za kujaza kapu. Akasema, "Shemeji, ni kosa langu." Zuleha akampa mtoto amshike. Akamshika kama bomu. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali tangu wiki iliyopita, nimeyapanga kabisa. Yakanitoroka. Yule mtu hakukata simu. Lau angekata, leo tungekuwa na matanga hapa. Nikamwambia, "Kaka Edgar, viazi hivi nitakaanga na nini, mafuta hukuleta?" Akacheka, machozi yakamtoka.

Kisha kazi. "Nataka kidude kiingie mpaka ndani," akasema. "Kiulize jina moja, kirudi nalo na kundi lake. Kikirudi mikono mitupu, taa nyekundu. Kikishindwa, kiseme sijui. Nipe jina la kuulizia."

Nikamwambia ngoja kwanza niombe ruhusa kwa mwenyewe.

Mei 25, Jumapili

Nimekwenda kambini na viazi. Nimemwomba Mzee Ernesti ruhusa. Kasema, "Kama halitawachosha." Kasema pia Alhamisi atafagia kanisa, lakini dirishani hatokuja, asije akanikera. Nikamwambia akipita bila kusimama, nitamfuata na ufagio.

Mei 29, Alhamisi

Mvua imebaki manyunyu. Zuleha kaja mwenyewe kwa miguu yake, polepole, mtoto mgongoni, ati anataka kuona hiyo taa iliyotaka kumuua.

Mzee Ernesti alisimama mbali na dirisha, karibu na mlango wa kanisa. Nikamwita. Nikaugeuza uso wa kompyuta umwelekee, nikamwambia, "Mzee, bonyeza wewe." Kidole kile kina makovu ya mkonge, kikabonyeza kwa adabu. Taa ikangoja kidogo. Ikawa kijani, na chini yake maandishi. Akayasoma kwa sauti, neno moja moja: "Ernesti. Zebedayo. O hasi. Yupo."

"Hili linatoka Tanga?"

"Kutoka Tanga, mzee. Kila asubuhi, kabla hatujamhudumia mtu yeyote, tunakuulizia wewe kwanza. Usipoonekana, hatufungui kazi."

Akatazama kioo tena. "Basi na yule wa damu ya Kristina," akasema, "kuna mahali alikuwa ameandikwa." Akajifuta uso kwa kiganja, akauchukua ufagio wake, akarudi kanisani.

Nikatoka barazani. Benchi limejaa, Sista yuko mlangoni, wifi yangu kwenye ngazi ananyonyesha. Nikavuta pumzi.

"Mzee Ernesti yupo!"

"Yupo!" wakaitikia wote, Zuleha akiwashinda kwa sauti. Na kule kanisani ufagio ukanyamaza, ikaja sauti ya mzee, ya chini, kama mtu aliyeitwa jina darasani:

"Nipo."